Mkeka wa Kilio Tuliotandika Chilinde

Mmenipa kiti cha plastiki chenye mikono, mkasema, "Papa Yosua, sasa kaa utazame tu." Nimekaa, nimetazama. Katika repetisyo, mazoezi yenu ya mchezo ya juzi, nimemwona mtu akiingia na taa inayowaka kabla mwenzake hajasema kuna giza, na sikufungua mdomo, maana mstaafu akisemasema sana huanza kuletewa uji kabla ya saa. Kwa hiyo nimeona heri niandike. Shule niliiacha darasa la tatu pale Uvira, hivyo msinidai koma. Mnisome kama ninavyoongea, na nikitoka njiani mnisubiri hapo hapo, huwa narudi.

Habari za kupanda cheo naziruka, kwa sababu kundi letu la michezo halikuwa na ngazi ya kupanda. Kulikuwa na wanaosema mbele ya watu na kulikuwa na wasiosema. Mimi nilikuwa wa wasiosema: nguo, viti, taa, rido, yaani pazia kwa ninyi mliozaliwa huku, na damu. Damu niliipika mwenyewe, kwa yale majani mekundu machachu ambayo Wamalawi wanayala kama mboga, nikaikaza kwa wanga wa muhogo. Sukari msitie. Nilitia mara moja ili ing'are, sisimizi wakamkuta marehemu amelala mbele ya watu, marehemu akavumilia, akavumilia, halafu akaanza kujikuna. Watu walicheka mpaka mjane naye akacheka.

Niliingia kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, na vita ya kwanza ya kwetu. Sitasimulia njia, kila mtu hapa ana njia yake. Niliingia na mkasi, kwa sababu kule Uvira nilikuwa kwa fundi cherehani, napiga pasi na kushona vifungo, na siku tuliyokimbia mkasi ulikuwa mkononi. Wengine walikimbia na mtungi, na mlango, na kuku. Mkasi si mbaya. Bado sijapata hata pa kulala vizuri, tupo karibu na zile nyumba za gereza la zamani, akanijia mzee mmoja mrefu mwenye koti la padri lakini si padri.

"We njo uko na mukasi?"

"Ni mi."

"Unaweza kushona bawa?"

"Ya kuku?"

"Ya malaika."

Huyo ndiye Papa Onesimo, mwalimu wangu, na 'njo' ni 'ndiye' ya kwetu. Kwao Fizi alikuwa amewatengenezea wamisioni michezo ya Noeli tangu ujana wake, na hata kambini, watu wakiwa bado wanagombania maji, yeye alikuwa anatafuta malaika. Nilimshonea bawa kwa gunia la mahindi. Nikajitahidi, nikapanga manyoya moja moja kama ya kweli, nikachukua siku nyingi. Akalitazama, akalisogeza mbali, akafinya macho. "Ni nzuri," akasema, "lakini umeishonea mutu anayekaa karibu. We ushonee yule bibi wa nyuma kabisa, mwenye alisahau miwani yake kule kijijini Baraka." Akachukua mkaa, akachora mistari minene juu ya kazi yangu yote. Niliumia. Siku ya Noeli nikaenda kukaa nyuma kabisa, na malaika akapaa.

Kitu kingine alichonifundisha, na hiki mkikariri, ni kwamba kitu cha mchezo kiwe na kasoro moja makusudi, ili kisije kikawa chenyewe. Biblia ya mchezo iwe tofali lililofungwa kitambaa. Kikombe cha meza ya Bwana kiwe kopo. Nilidhani ni ushirikina wa kizee, mpaka akanisimulia harusi. Kijijini kwao walicheza mchezo wa harusi, na Papa Onesimo, akiwa bado kijana mwenye haraka, aliweka pete ya kweli, mbuzi wa kweli na baba wa kweli wa msichana aliyecheza bibi harusi, kwa sababu baba huyo alikuwa na sauti nzuri. Baba akapokea mbuzi mbele ya kijiji. Mchezo ulipoisha wakaenda kumdai mbuzi, akasema mbuzi gani, mahari hairudi, nanyi mpelekeni mke kwa mumewe. Yule aliyecheza bwana harusi na yule msichana walikaa pamoja mpaka vita, na watoto juu. Papa Onesimo alikuwa akimaliza hapo anasema, "Na walipendana, lakini haiko hoja."

Bunduki za mbao ni kesi yake peke yake. Nilizichonga, nikazipaka masizi na mafuta, nikazifunga kwenye blanketi tuende nazo kucheza kijiji cha jirani. Askari wa kizuizi cha barabarani akafungua blanketi. Tulilala chini wote, kundi zima, pamoja na yule aliyevaa bawa. Walipogundua ni mbao walicheka sana lakini hawakuzirudisha. Baadaye nilimkuta mlinzi wa ghala moja Kanengo, kule Lilongwe kwenye maghala, amesimama getini na moja yazo, na niwaambie ukweli, nilijisikia fahari. Alikuwa hajaelezwa kuwa haipigi.

Papa Onesimo alifariki kwa kifua, akaniachia sanduku la chuma. Kisha ikaja vita ya pili, na watu wapya wakaja nayo. Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Faustin, na hapo ndipo mambo ninayotaka kuwaandikia.

Mwalimu Faustin alikuwa mtu wa Bukavu, wa shule nyingi, anapiga mswaki akitembea. Alikuwa mpole. Aliniita "Papa Yosua" tangu siku ya kwanza wakati tulilingana umri, nikamsamehe. Alisema tumechoka na malaika, sasa tuandike yetu, na akaandika. Mchezo uliitwa *Nani Atakaa Chini*. Mwanamke anapata habari kuwa mume wake amefia vitani, mwili haupo, kijiji kinatandika mkeka, anakalishwa chini kama mjane, watu wanakuja kumpa pole, halafu usiku wa tatu anafika mtu mlangoni anayesema alimwona mume hai. Ulikuwa mzuri. Siku alipotusomea, hata wauza nyanya walisogea. Na akasema hatutaufungua kambini, tutaufungua mjini, Lilongwe, kwenye ukumbi wa kanisa pale Chilinde, wachungaji watautangaza, na wakimbizi wanaoishi mjini waje waone kwamba Dzaleka kuna watu wanaofanya kazi.

Nafasi ya mjane aliiandika kwa ajili ya Vumilia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Vumilia alikuwa na sauti ambayo ukiisikia umebeba maji unatua ndoo. Ila Mwalimu alisahau kumuuliza mwenyewe.

Tulianza mazoezi. Tukafika pahali pa mkeka.

"Mama Vumilia, hapa njo unakaa, na bamama banakuzunguka."

"Mi sikai."

"Pardon?"

"Sikai chini, Mwalimu. Nitasimama, nitaimba, nitalia machozi ya ndoo kama unayataka. Lakini kukaa kwa mukeka, apana."

"Lakini ni mujane. Mujane anakaa."

"Njo maana sikai."

Mtu mmoja akacheka, halafu akaona hakuna mwenzake. Mwalimu akatutazama sisi wa Uvira na Fizi kana kwamba tumemficha kitu. Kwao mjini, watu wa nyumba za tofali, wafiwa wanakalia viti vya kukodi parokiani. Ilibidi nimwelezee pembeni.

Vumilia alikuwa na mume, Simoni, dereva wa kamyo, yaani lori, iliyokuwa ikienda Uvira na Fizi. Aliondoka asubuhi moja na mzigo wa samaki wakavu, vita ikaziba njia nyuma yake, basi. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona hai. Sasa kwetu, kilio hakifunguliwi mpaka mke akae chini. Akikaa kwenye mkeka mbele za watu, nywele wazi, watu wakamshika mkono wakasema pole, wakaweka kitu mbele yake, na mwanaume wa ukoo akajibu "Tumepokea", basi imekwisha. Hata yule mume akija kesho na kamyo yake, atakuwa amekuja kwa mjane wake. Na mwanaume wa ukoo alikuwepo, hapo hapo kambini: Lukas, kaka yake Simoni. Mara nyingi alikuwa amemwendea shemeji yake kumwambia miaka imepita, tutandike. Na kila mara Vumilia alikuwa akimpa chai na kumwambia bado.

Mwalimu alisikiliza, akakuna shingo. "Lakini, Papa Yosua, ni teyatri."

Nikamsimulia harusi ya Papa Onesimo. Akaiandika ili aifanyie mchezo, mnaona watu wa shule walivyo.

Tulijaribu msichana mwingine. Alikuwa na miguu mizuri na sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Tukakaa siku kadhaa hatuna mjane. Ndipo Vumilia akanikuta nje, nimetandaza kitambaa cheupe cha tangazo. Mwalimu alichora herufi kwa chaki, mimi najaza rangi ndani, kazi inayonifaa kwa sababu haitaki kujua kusoma, inataka kutotoka nje ya mstari.

"Hii itawekwa wapi?"

"Moja Old Town, pale mabasi yanasimama. Ingine Kanengo, pale makamyo ya tumbaku."

"Makamyo yanatoka wapi?"

"Kila fasi. Zambia, Tanzania. Kuna mpaka madereva ba kwetu."

Akachuchumaa. Akatazama herufi kwa muda. "Na majina ya bachezaji yataandikwa?"

"Mwalimu amesema ya wakubwa."

"Mi nikicheza, muniandike Vumilia wa Simoni. Muandike na Uvira."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Hakukubali kwa ajili yetu, na naomba mliweke hilo akilini mnapomsifu. Alitaka jina lake lisimame barabarani pahali dereva atapita. Akaweka masharti yake, na Mwalimu akayakubali yote, kwa heshima zote, akiwa amevua miwani. Kwamba atakaa mkekani lakini kitambaa cha kichwani hakitoki. Kwamba wamama wa mchezo watalia lakini hakuna atakayemwambia pole yeye, pole zote zitasemwa kwa kuuelekea mlango, kana kwamba marehemu anasimama pale. Kwamba hakuna atakayemshika mkono wala kuweka kitu mbele yake. Mimi nilimshonea nguo ya kahawia badala ya nyeusi, ya kaunjika, mtumba wa sokoni Old Town, nikaacha mfuko mmoja mwekundu kwa ndani. Alipouona akanicheka. Lakini aliuvaa.

Lukas alikuja kunitafuta mara moja tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mshona viatu, mwenye mikono mikubwa. Alisimama mlangoni akashika mwimo.

"Ni kweli atakaa?"

"Ni mu mchezo, Papa Lukas."

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu ba kulipa kiingilio."

Hakucheka. "Nitakuja," akasema. Nikajua nimepata neno la kumpelekea Vumilia, tena baya, nikaanza kufikiri nitalisemaje. Lakini yule mtu hakuondoka. "Simoni mi njo nilimufundisha baiskeli," akasema. "Mi najua amekufa. Sijui najuaje, najua. Na siwezi kulia. Nikilia mi, muke hajakaa, bantu watasema nimemuua ndugu yangu nipate muke. Kila siku nameza. Hata shemeji hajui." Akaondoka. Sikumpelekea Vumilia chochote, maana sikujua tena kama ni baya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mchana, ili tuweze kurudi kambini na mwanga. Tulipanda lori lililokuwa limeleta mahindi na linarudi Kanengo tupu. Dereva alikuwa Mmalawi mwenye haraka na alisema saa kumi atapita kuturudisha, atapiga honi, atakayekuwa bado analia abaki. Nilifunga rido yangu ya turubai, nikaisugua kwa udongo ising'ae. Mwalimu naye akawa na wazo. Kwenye nyumba yenye kilio wanaume hukaa nje kwenye moto, si ndiyo? Basi aliwasha moto wa magogo nje, mlangoni pa ukumbi, akawakalisha pale wachezaji wetu wanne wanaume, wasiseme neno, watu wapite mbele yao wakiingia. Alisema mchezo uanzie barabarani. Nilimwona amefurahi kama mtoto, nikaleta magogo.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Bukavu wenye viatu, watu wa Fizi wenye watoto, wachungaji mbele. Lukas alikaa safu ya tatu, kofia magotini. Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Nikafunga rido, tukatandika mkeka, nikafungua. Vumilia akaingia, akasimama mbele ya ule mkeka kwa muda zaidi kuliko tulivyofanya mazoezi, kisha akakaa. Wamama wa mchezo wakapiga yowe.

Sasa ninyi mnajua yowe la wamama wetu linavyokwenda. Na Chilinde nyumba zimebanana, soko lipo pale pale. Na Wamalawi, akifiwa mtu, jirani hangoji kuitwa. Moto nje, wanaume wamekaa kimya, wanawake wanapiga yowe ndani: wewe ungefikiri nini?

Wa kwanza kuja walikuwa wanaume. Walikuja kwenye moto, wakawapa mkono wachezaji wetu, wakakaa. Wachezaji walikuwa wamekatazwa kusema, kwa hiyo wakainamisha vichwa tu, na hiyo ikawa vibaya zaidi, kwa sababu mfiwa wa kweli ndivyo anavyofanya. Mimi nilikuwa pembeni na kamba ya rido mkononi. Nikaona mlangoni mama mmoja mnene anavua malapa, anayapanga vizuri ukutani. Nyuma yake mwingine. Na mwingine. Wakapita katikati ya viti, zitenje, vitenge vyao, zimefungwa kiunoni, mabeseni kichwani, wakaja mpaka mbele, wakakaa sakafuni na miguu wamenyoosha, wakaanza kulia pamoja na wetu.

Watu wa ukumbini wakanong'onezana kwa sifa. "Huyu Faustin ni mukali, ameleta mpaka ba Malawi."

Faustin mwenyewe alinijia kwa kunyatanyata. "Papa Yosua, hawa ni ba nani?"

"Mi nilifikiri ni bako."

Kabla hajajibu, yule mama wa kwanza akainuka kwa magoti. Akasogea mpaka kwa Vumilia. Akaweka beseni la unga mbele yake, pale hasa pasipotakiwa kuwekwa kitu. Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Pepani, mayi," akamwambia. "Pepani kwambiri." Ni pole yao, na hakuna mtu pale aliyehitaji kutafsiriwa.

Nilimwona Vumilia amekauka. Mama wa mchezo aliyekuwa karibu naye aliacha kulia, akaweka mkono mdomoni. Na nyuma, mwanamke mmoja wa Fizi ambaye alikuwa amekuja tu kuona mchezo akainuka kwenye kiti chake, akavua viatu, akaja. Akaja mwingine. Hawakuwa wanamlilia Simoni, wengi hawakumjua. Kila mmoja alikuwa na wake ambaye hakutandikiwa mkeka, na huu hapa mkeka. Kilio kilibadilika sauti. Wote mnaofanya kazi hii mtakuja kuijua siku moja hiyo tofauti, sikio linaijua kabla yenu.

"Funga rido," Mwalimu akaniambia. Nilivuta. Haikuja. Mama mmoja wa Kimalawi alikuwa amekalia pindo lake, analia, na mimi sikulelewa kumvuta mtu anayelia.

Ndipo Lukas akasimama. Akaweka kofia kitini. Watu wa kwetu wakamwona, na kilio kikashuka, kwa sababu wote walijua yeye ni nani na neno lake ni lipi. Lilibaki neno moja tu. "Tumepokea," na Vumilia ni mjane.

Alifungua mdomo. Neno halikutoka. Akafunga, akafungua tena.

Vumilia akainua kichwa. Mjane hainui kichwa. Akamtazama shemeji yake, na naamini ndiyo mara ya kwanza alimwona ule uso, maana sikuzote alikuwa anautazama kama mlango wa mtu anayekuja kudai. Akaondoa mkono wake taratibu kwenye mikono ya yule mama, akasimama.

"Shemeji. Kuja."

Lukas akaja, watu wakampisha.

"Kaa."

"Mi?"

"We unajua amekufa. Mi sijui. Mwenye anajua akae."

"Muke njo anakaa," Lukas akasema, kwa sauti ndogo.

"Muke akijua. Kaa, Lukas. Ulie ndugu yako, mi sitakufunga tena. Mi ningali muke yake."

Mzee mmoja wa Fizi akasema kwa nguvu kwamba jambo hilo halijapata kuonekana tangu babu zetu. Mama mmoja, bila hata kugeuka, akamjibu, "Na kambi, babu zako waliiona?"

Lukas akakaa. Alikaa vibaya, kama mwanaume asiyezoea mkeka, goti moja juu. Vumilia akainama, akalisukuma beseni kwa mikono miwili mpaka mbele ya magoti yake. Halafu akarudi nyuma yake, akakaza kitambaa chake cha kichwani, akasimama hapo. Na yule mtu akalia. Sitaandika alivyolia. Alimwita Simoni kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, na lilikuwa jina la kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Faustin alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yangu. Sehemu ya tatu ya mchezo, yule mtu anayefika mlangoni na kusema nimemwona hai, haikuchezwa. Mchezaji wake alikuwa kwenye moto nje anakula karanga za majirani. "Tungeweza kumuingiza," nikasema. Mwalimu akatikisa kichwa. "Apana," akasema. "Usimuingize mutu mwingine."

Najua mtaniuliza kama Simoni alikuja. Kuna dereva wa Kanengo aliyesema alionana kule Ndola, Zambia, na Simoni wa Uvira, lakini Uvira ilikuwa na Simoni wengi. Vumilia alituma salamu na hakupata jibu, akatuma tena. Aliondoka hapa kambini na jina lile lile, Vumilia wa Simoni, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwita mjane. Hilo ndilo ninaloweza kuwaandikia, mengine sikuyaona.

Mchana ule, kilio kilipotulia, mtunza ukumbi akawaeleza majirani kwa Kichewa kwamba hakuna maiti, ni wasanii kutoka Dzaleka. Yule mama mnene akanijia pale mlangoni, malapa mkononi, amekasirika, na haki alikuwa nayo.

"Bambo, mmetudanganya."

"Hatukuwaita, mayi. Lakini pole. Ulikuwa mchezo."

"Hakuna aliyekufa?"

"Mchezoni hakuna."

Akachungulia ndani. Lukas alikuwa bado amekaa, watu wamemzunguka.

"Na yule? Naye anacheza?"

"Hapana. Yule amefiwa na mdogo wake."

"Lini?"

"Hajui."

"Wamemzika wapi?"

"Hajui, mayi."

Nje dereva wa lori akapiga honi, akapiga tena. Yule mama akaweka malapa chini, akaingia ndani, akarudi na beseni lake, akaniambia, "Nitafutie chombo. Beseni ni langu, unga ubaki." Nikakimbilia jukwaani nikamletea chungu cha sehemu ya kwanza, ambacho hakikuwahi kupikiwa kitu, akamimina wote mpaka akakung'uta beseni kwa kiganja. Wenzake nao wakamimina. Dereva akashuka aje kutugombeza, akaona moto, akaona chungu, akauliza kama kuna mboga.

Kwetu mjane hapiki siku ya kilio. Anakaa, wanampikia wake wa ndugu. Vumilia alitoka nje, akakunja mikono ya ile nguo ya kahawia, akasogeza magogo, akaomba mwiko.